Ndege Wawili wa Koo la Njano

Manga, Ijumaa alasiri

Baba,

Sina muda mwingi. Jua likizama Sabato inaingia, na Mama akinikuta na kalamu atanisema mpaka Jumatano, kwa hiyo naandika mbiombio na wewe utavumilia mwandiko. Mchungaji anasema waliolala hawajui neno lolote mpaka siku ya parapanda. Basi barua hii chukulia ni ukaidi wangu. Ulijua tangu mwanzo kwamba mwanao ameoa mkaidi.

Keshokutwa Jumapili, baada ya chakula cha mchana, tutaketi sebuleni kwako kuamua juu ya kile kipande chako cha nyasi cha kule chini. Nyakundi, akiwa ndiye mwanao mkubwa, ameshaagiza miche ya chai na vibarua wanne waje Jumatatu asubuhi na majembe. Mimi nimeitwa niwe shahidi. Aliyeniita ni wewe mwenyewe, na nitakuambia bila kuficha: nimekukasirikia tangu siku ile.

Siku ile ulikuwa umelazwa kwenye kitanda walichokutolea sebuleni. Nyakundi alikuwa upande wa kichwa, Ombati wangu upande wa miguu, Mama kwenye kigoda, nami nimesimama mlangoni panapomstahili mke wa mwana. Ukasema, "Kule chini msilime. Kuna ndege wa juu, wa kule pareto. Muulizeni mke wa Ombati, yeye anawajua tangu utotoni." Kisha ukageukia ukuta. Wote wakanitazama, nami nikaitikia kwa kichwa. Siku tatu baadaye tukakuzika, na kile kichwa changu kilichoitikia kimekuwa kizito miezi minne sasa.

Maana yule ndege si wa juu, Baba. Haya, nimesema. Ni wa mkufu, wa hapa hapa, yule anayepiga mluzi juu ya nguzo za ua popote palipobaki nyasi kutoka hapa mpaka Kebirigo. Nimelijua hilo kwa miaka sita. Sijamwambia mtu yeyote, hata Ombati ninayelala naye kitanda kimoja.

Unakumbuka tulivyoanza? Nilikuwa na mwezi mmoja tu katika boma lako. Nimezaliwa na kukulia Molo, kule juu kwenye pareto, kati ya majirani wa makabila mengine, na Ekegusii changu kilikuwa cha kuchekesha. Wake wa jirani walikuwa wananisemesha makusudi wapate cha kusimulia mtoni. Nilikuwa naanika nguo. Ukasimama ng'ambo ya ua, ukatazama mawinguni kama mtu anayeuliza habari za mvua, ukasema kwa Kiswahili chako cha kambi, "Kule kwenu, wale wa koo la njano wanaotembea nyasini bado wapo?" Nikajua unamzungumzia nani. Nilipokuwa mtoto tulikuwa tunawafukuza malishoni tukienda kuchota maji. Nikakujibu nikiitazama shuka yangu, si uso wako, kwamba wapo lakini wanapungua, kwa sababu malisho yamegeuzwa viazi na ngano. Kisha ukasema, "Pole," kama vile nimefiwa.

Baadaye Mama ndiye aliyenieleza kwamba ulikuwa nyapara kwenye shamba la pareto huko juu ujanani mwako, na kwamba kuna mtafiti mmoja aliyekuwa akipiga kambi shambani akakufundisha ndege, akakuachia na darubini. Alisema ulirudi nyumbani na vitu viwili tu, darubini na kikohozi. Nilicheka, naye akanitazama kwa jicho la kusema huyu ataniweza.

Wageni hawajui ilivyo kazi ngumu kwa baba mkwe na mke wa mwana kutazama ndege mmoja. Kwa mila yetu hatushikani mikono. Hatupokezani kitu. Wewe hukuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba yangu hata mvua ikunyeshee, nami sikuwahi kukaribia ulipokaa. Sasa darubini ni moja. Ukabuni utaratibu wako: unaiweka juu ya nguzo ya ua, unarudi nyuma hatua tatu, unakohoa. Mimi naja, natazama, naiweka pale pale, narudi nyuma hatua tatu. "Zamu yako, Baba." Jirani yetu wa juu aliwahi kumwuliza Ombati kama baba yake na mke wake wanafanya mazoezi ya gwaride.

Na kila mtu alikuwa na mahali pake. Wewe ulikaa kwenye lile jiwe lako upande wa juu, chini ya migomba. Mimi nilikuwa upande wa chini karibu na kijito, kwenye nguzo ninapomfungia ng'ombe. Kati yetu ni nyasi. Kwa miaka yote hiyo hatukuwahi kutazama kutoka mahali pamoja. Wewe huku, mimi kule, tukitupiana maneno.

Darasa lako lilikuwa la kulinganisha. Wale wawili, ulisema, ni watoto wa nyumba moja: koo la njano, mgongo wa rangi ya nyasi kavu, na ile kucha ya nyuma ndefu kama sindano ya kushonea magunia. Wakikupa mgongo huwezi kuapa. Lakini wa mkufu ana mkufu kweli, mweusi, mpana, umelala kifuani. Ni mnene kidogo, na anapenda kupanda mahali pa juu, nguzo au kichaka au waya wa stima, apige mluzi mrefu kila mtu ajue yupo. Wa juu ni mdogo. Kifuani hana mkufu wa kueleweka, ana michirizi myembamba myeusi. Anaishi katikati ya mashungi ya nyasi, anakimbia chini, na wimbo wake ni mwembamba, unapanda taratibu kama wa mtu anayejaribu filimbi na hataki asikike. "Huyo hapendi miti," ulisema. "Ukimwona anaimba juu ya nguzo, usihangaike, si yeye." Hayo ni maneno yako, Baba, na ndiyo yaliyonitesa.

Asubuhi ile ya miaka sita iliyopita, mvua za masika zilikuwa zimekwisha. Ng'ombe alikuwa ananisumbua na kamba. Ghafla nikaona umesimama kando ya jiwe, umeinua mkono, wewe ambaye hukuwahi kuniashiria kwa mkono. Ukaja mpaka kwenye nguzo ya katikati, ukaweka darubini, ukasahau hata kukohoa. "Wamehamia," ukasema. "Kule wamelimiwa, wamekuja kwangu. Tazama kifua. Ni michirizi." Nikatazama. Ilikuwa michirizi kweli.

Lakini mimi nilikuwa nimeona kitu ambacho wewe kutoka kwenye jiwe usingeweza kuona, kwa sababu ukiketi pale majani ya migomba yanakuzibia nguzo zote za kijitoni. Dakika chache kabla, wa mkufu alitua juu ya nguzo yangu akiwa na panzi mdomoni, akatazama huku na huku, akashuka nyasini, akamlisha huyo huyo wa michirizi. Alikuwa kinda, Baba. Kinda la wa mkufu lililotoka kiotani siku si nyingi. Wakiwa wadogo mkufu haujashika, ni madoa na michirizi tu. Miezi michache baadaye wangefanana na mama yao.

Ningekuambia nini? Nilikuwa mke wa mwana, miaka mitano tu bomani, nisimame mbele ya baba mkwe nimwambie umekosea juu ya kitu alichokipenda kuliko chai yake? Na si heshima peke yake, nisijisafishe. Uliponiambia wamehamia nilitamani iwe kweli. Nilikumbuka malisho ya kwetu yalivyogeuzwa matuta. Nikasema, "Michirizi naiona, Baba." Sikudanganya hata neno moja, na bado ulikuwa uongo.

Tangu siku hiyo ukabadilisha namna ya kumfunga ng'ombe. Ulinielekeza kigingi kihamishwe kila asubuhi, hatua ishirini, kamba iwe fupi, na kabla ya kukigongomelea nikague nyasi kwa fimbo kwanza nisije nikaweka kwato juu ya mayai. Ng'ombe akala mviringo mmoja leo, mwingine kesho, na kipande kikawa na sehemu fupi na sehemu za mashungi. Nyakundi alikuwa anacheka akisema baba amempangia ng'ombe ratiba ya shule. Lakini viota viliongezeka. Mwaka jana nilihesabu vitatu, vyote vya wa mkufu, nawe kila mwaka ukiona kinda unafurahi upya.

Sasa tangu uondoke mambo yamekuwa hivi. Nyakundi amejenga banda la kufugia ndani, amepanda majani ya nepia kando ya njia, ng'ombe hatembei tena. Kigingi kimelala nyuma ya jiko. Nyasi zimerefuka zote sawa, hazina mpangilio. Darubini Mama alinitumia kupitia kwa Moraa, binti yangu, siku ya arobaini, bila ujumbe wowote. Mama mwenyewe hatoki sana. Anakaa mlangoni anapepeta maharagwe yaliyokwisha kupepetwa.

Na mimi nahesabu siku. Nikisema ndiyo, ni yeye, nimedanganya mbele ya mama wa watoto wako na kwa jina lako, na Nyakundi si mjinga, ana simu ya kupiga picha. Nikisema hapana, nimekuvua nguo mbele ya wanao, nawe huna tena mdomo wa kujitetea, na Jumatatu majembe yanashuka. Kiota kimoja kina makinda sasa hivi, nimekiona jana, chini ya shungi karibu na jiwe lako. Hawajaota manyoya. Kwa nini ulinitaja mimi? Ulikuwa na Mungu, ulikuwa na wosia, ulikuwa na wazee wa ukoo. Ukamtaja mke wa Ombati.

Jua linagusa kilima. Mama ananiita.


Jumapili, saa kumi na moja jioni

Baba, nimerudi. Naandikia juu ya goti kwa hiyo mwandiko haujatengenea.

Leo asubuhi nilifanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya ulipokuwa hai. Nilikwenda nikakaa kwenye jiwe lako. Nilizunguka migomba kama mwizi, nikatazama nyumbani kama kuna anayeniona, nikakaa. Ni baridi sana hilo jiwe, hukuwahi kusema. Nikainua darubini.

Kutoka pale nyasi ni nyingine. Unaziona kwa usawa, mashungi yamesimama, na nyuma yake ukungu wa bondeni, na nguzo hakuna hata moja, waya hakuna, ua hakuna. Ni kama kule kwetu. Wa mkufu akaja na panzi. Nilimwona anatokea hewani tu, anazama nyasini, haonekani alikotua kwanza. Kisha kinda la kiota kingine cha msimu huu, kubwa, lililokwisha kutoka, likakimbia kwenye uwazi, likasimama kifua mbele. Michirizi. Jua lilikuwa linatoka nyuma yake na hata mimi, niliyekulia kati yao, moyo uliruka. Nikasema kwa sauti, "Ni yeye." Halafu nikacheka peke yangu, halafu nikalia mpaka nikapaliwa.

Nilikuwa nimekuona mzee anayetaka sana kuamini. Kumbe ulikuwa unatazama vizuri kabisa, ila ulikuwa umekaa upande wako. Ungekuja upande wangu mara moja tu ungejua. Na usingeweza kuja, kwa sababu mimi nilikuwa hapo. Kosa hilo tulilitengeneza sisi wawili kwa adabu zetu, hatua tatu huku na hatua tatu kule.

Chakula cha mchana sikukimeza. Saa nane tukaketi. Nyakundi alikaa kwenye kiti chako, kwanza akakisogeza kidogo kutoka pale ulipokuwa ukikiweka, nikamshukuru moyoni kwa hilo. Mke wake alileta chai. Nyakundi alizungumza vizuri, sitamsingizia. Alisema ana wavulana watatu na ardhi haizai ardhi, kila mtu kilimani hapa amelima mpaka ukingo wa kijito, na sisi peke yetu tunafuga nyasi. Akasema pia kwamba neno la baba ni neno la baba. Kama yuko ndege wa pekee kama alivyosema, yeye atawarudisha vibarua na hatafungua tena mdomo. Kama hayuko, tulime kwa amani. Kisha akanigeukia.

Ombati alinitazama. Kabla hatujaingia alikuwa amenishika kiwiko jikoni akaniambia niseme tu ndiyo, nani atajua. Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno ya katikati, yale yangu ya michirizi naiona. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nilikuwa nimetoka kwenye jiwe lako asubuhi ile, na baridi yake ilikuwa bado mgongoni. Nikapiga moyo konde.

"Baba alikosea," nikasema. "Ni wa mkufu, wa kawaida. Yule aliyemwona ni kinda lake. Na mimi nilijua tangu siku ya kwanza, sikumwambia."

Kikombe cha mke wa Nyakundi kiligonga sahani. Nilisubiri Mama anifukuze. Nilikuwa nimekwisha kuwaza mpaka begi lipi nitabeba, na kwamba Molo sina tena pa kufikia.

Nyakundi akashusha pumzi, akasema basi, mambo yamejisema, Jumatatu kazi ianze. Hakusema kwa furaha. Alionekana mtu aliyeshinda kitu asichokitaka. Akasema pia, polepole, kwamba yeye amekuwa akimwona ndege huyo kwenye waya wa stima kila akienda kazini, na alitaka tu kuona kama nitasema.

Hapo ndipo Mama alipoweka ungo wake chini.

Hakumtazama Nyakundi. Alinitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe hakuniita mke wa Ombati wala Mama Moraa. Aliniita kwa jina langu nililopewa na wazazi wangu. "Kwamboka," akasema, "baba yako alikuwa na shaka."

Akaeleza. Kwamba mwaka jana, ukirudi kutoka kanisani, ulimwona mmoja wa michirizi juu ya ua wa jirani, akipiga mluzi. Siku mbili baadaye ukamwambia kwamba pengine umekuwa mjinga miaka mitano, na kwamba yuko mtu mmoja tu wa kukuambia, naye hawezi kusema kwa sababu ya heshima, na wewe huwezi kumwuliza kwa sababu ya haya. Mzee mzima amwulize mke wa mwanawe kama amekosea. Mama alikushauri umtume Moraa aniulize. Ukasema hapana, ukimtuma mtoto utapata jibu la mtoto. Mara kadhaa ulifika mpaka kwenye nguzo ukiwa na swali, ukaweka darubini, ukarudi nyuma.

"Aliposema muulizeni," Mama akasema, "hakuwa anakuita utoe ushahidi. Alikuwa anauliza. Alichelewa tu."

Baba, nilitoka nje. Sikuomba ruhusa. Nilisimama kwenye karo la kuoshea vyombo nikajishika kichwa. Miaka yote nilidhani nakulinda, kumbe ulikuwa umesimama ng'ambo ya ua unasubiri. Ile asubuhi ya mwisho mwisho, ulipoweka darubini ukakaa muda mrefu bila kukohoa, na mimi nikafikiri ni kifua, ilikuwa hiyo? Ningesema neno moja tu. Tungecheka. Ungeanza upya na wa mkufu, ungempenda huyo huyo, najua ungempenda, wewe ulikuwa na moyo wa kupenda hata kunguru. Nisamehe. Heshima niliyokupa ilikuwa kubwa kuliko uliyoihitaji.

Niliporudi ndani walikuwa bado wamekaa. Nyakundi alikuwa anatazama sakafu. Mama akaniuliza mbele yao, kama mtu anayeuliza bei ya sukuma, "Huyo wa mkufu, ni mgeni hapa?"

Nikasema hapana, ni wa hapa, alikuwepo kabla ya chai.

"Na sasa hivi ana watoto?"

Nikasema anao, wako karibu na jiwe, hawajaota manyoya.

Akamgeukia mwanawe mkubwa. "Kwa hiyo mgeni ungemwachia mahali, na mwenyeji aliye na watoto unamletea jembe Jumatatu."

Ombati wangu, ambaye kwa kawaida hasemi kitu kwenye vikao mpaka chai imalizike, akasema kipande cha nyasi kutoka kwenye jiwe kwenda juu kinatosha miche yote iliyoagizwa, yeye ameshapima kwa hatua. Kumbe alikuwa amepima. Nyakundi akasema kinatosha kwa sasa, lakini wavulana wake wanakua. Mama akasema yeye pia anakua, na akiwa bado anapumua, kutoka kwenye jiwe mpaka kijitoni ni malisho ya ng'ombe wake. Atakapolala kando yako watagawana wakitaka, hata ungo wake.

Basi ndivyo ilivyoisha. Haikuisha vizuri sana. Kesho majembe yanashuka kweli, kipande cha juu kinakwenda, na kwenye kipande hicho ndipo kilipokuwa kiota cha mwaka jana. Chini kimebaki kidogo, ukirusha jiwe kwa nguvu unakivuka. Sijui kama kinawatosha. Sijui Mama atakuwa nasi miaka mingapi. Wewe ungenidai jibu la uhakika na mimi sina.

Nyakundi alinifuata nje baadaye. Alisimama mbali, kama inavyostahili, akasema kumbe nina mdomo. Nikamwambia nimekuwa nao siku zote, nilikuwa nimeuazimisha. Akacheka kidogo. Kisha akauliza lile kinda la michirizi litapata mkufu lini, nikamwambia aje aone mwenyewe, akae kwenye jiwe halafu aje akae kwenye nguzo, aone pande zote mbili.

Kigingi nimekitoa nyuma ya jiko. Kina kutu lakini ni kizima. Ng'ombe tumemtoa bandani jioni hii, aliponusa nyasi alinivuta mpaka nikakaribia kuanguka kijitoni. Nimemfunga mbali na jiwe, kamba fupi, na kabla ya kukigongomelea nilipitisha fimbo nyasini kama ulivyonifundisha. Kesho nitakihamisha hatua ishirini. Na keshokutwa. Hiyo ndiyo ahadi yangu, sina kubwa zaidi: kwa muda wote nitakaokuwa na miguu, kigingi hakitalala mahali pamoja siku mbili, na Moraa nitamfundisha wote wawili, wa hapa na wa juu, na siku moja nitampeleka Molo tumtafute yule wako kama bado yuko. Akiona nimekosea, nitamwomba aseme hapo hapo.

Sasa sikiliza, sitakuambia kwa kichwa tena. Nitakuambia kwa mdomo. Niko kwenye nguzo ya katikati, hakuna mtu, ng'ombe anakula.

Baba, ulikosea. Alikuwa wa mkufu.

Lala salama. Barua naikunja, naiweka juu ya nguzo, naiwekea kijiwe isipeperuke. Narudi nyuma hatua tatu.

Zamu yako, Baba.

Mke wa mwanao,
Kwamboka